Siku sita bila theluji mpya, utabiri wa maporomoko bado ngazi ya 3: mashimo mawili, majibu mawili

Nyuzi28

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili ni kwa wanaotembea milima ya Colorado majira ya baridi, nje ya viwanja vya ski, huko ambako hakuna mtu anayelipua miteremko alfajiri kabla hujafika.

Kundi ni la watu wanne: wawili kwa ski za kupandia, wawili kwa viatu vya theluji. Eneo ni jirani na Berthoud Pass, kati ya mita 3,300 na 3,600, yaani kuanzia ndani ya miti hadi juu kidogo ya pale miti inapoishia. Utabiri wa maporomoko ya theluji wa kituo cha Colorado Avalanche Information Center (CAIC) unatoa hatari ya ngazi ya 3 kati ya 5 kwa miteremko inayotazama kaskazini, kaskazini mashariki na mashariki, kuanzia mwisho wa miti kwenda juu. Kwingineko ni ngazi ya 2. Tatizo lililotajwa ni bamba la theluji lililolalia tabaka dhaifu la siku nyingi.

Hali ya hewa: siku sita hakuna theluji mpya. Anga jeupe, usiku −18°C, mchana −6°C. Upepo wa magharibi ulivuma siku mbili za mwanzo, kisha shwari.

Mashimo ya kukagua tabaka za theluji yamechimbwa mawili, umbali wa mita 40, mteremko wa nyuzi 27 unaotazama kaskazini mashariki.

Shimo la kwanza, kina sm 95. Kutoka chini: sm 30 za chembe kubwa za milimita 3 hadi 4, ngumi inaingia bila kusukuma, ganda la sm 2, bamba la sm 45, kidole kimoja kinaingia kwa shida, juu kabisa sm 18 laini. Jaribio la nguzo ndefu (ECT, unapiga nguzo ya theluji iliyokatwa uone kama itapasuka) limetoa ECTP24, yaani imepasuka yote kuanzia pigo la 24, mpasuko ukiwa kwenye chembe kubwa chini tu ya ganda.

Shimo la pili, kina sm 130. Mpangilio ni uleule, ila bamba ni nene zaidi na gumu, linaingia penseli tu. Matokeo ECTX, hakuna kilichovunjika.

Maswali matatu. Shimo lipi liaminiwe? Kwa nini ngazi haishuki wakati dhoruba imepita siku sita? Na njia tuliyopanga, ambayo ramani ya rangi za mwinamo inaionyesha kuwa chini ya nyuzi 30 mwanzo hadi mwisho lakini inapita chini ya bakuli la mlima (bonde lililozungukwa na kuta kali), inafaa?

---

MpimaTheluji

Nianze na la pili, maana ndilo lililobeba mengine.

Siku sita za utulivu huponya aina fulani tu ya theluji. Theluji ya dhoruba iliyokalia theluji ya zamani iliyo imara hutulia ndani ya siku moja hadi tatu hivi: chembe hushikana, uzito hukandamiza, kwisha. Tatizo lako haliko huko juu. Liko chini kabisa, na kule chini siku hizo sita za baridi kavu zimefanya kazi ya kubomoa.

Chukua namba zako mwenyewe. Ardhi iliyofunikwa na theluji hukaa karibu na 0°C majira yote. Juu usiku una −18°C. Tofauti ya nyuzijoto 18 ikigawanywa kwenye sm 95 ni karibu 1.9°C kwa kila sm 10. Kizingiti tunachotumia ni 1°C kwa sm 10. Ukikivuka, mvuke unatoka kwenye chembe za chini zenye ujoto na kupanda kwenda kwenye baridi, unaganda njiani juu ya chembe nyingine, na chembe hizo zinaota pembe na kuta bapa; zikiendelea zinakuwa kama vikombe vidogo vyenye mistari. Umbo hilo halishikani na jirani yake. Chota kiganja kimoja kutoka chini ya shimo lako, kimwage polepole kwenye mwanga: zinamiminika chembe moja moja kama sukari, na kila moja inang'aa. Ndiyo maana watu wa huku wanaiita sukari.

Shimo la pili: 18 kwa sm 130 ni karibu 1.4. Bado juu ya kizingiti. Ungekuwa na mita mbili na nusu za theluji ungepata 0.7, na hapo chembe zingeanza kuviringika na kushikana tena. Colorado kina hicho hakipatikani mapema. Theluji ya Oktoba na Novemba huwa nyembamba, usiku ni baridi kali, miteremko ya kaskazini haipati jua, basi majira yanaanza kwa sakafu ya sukari, na dhoruba zote zinazofuata zinajenga juu ya sakafu hiyo. Milima iliyo karibu na bahari, kama Cascades, ina theluji nene na ujoto zaidi, na hupona upesi. Mtu akikuletea uzoefu wa kule autumie huku, mwombe autue kwanza.

Kinachobadilika kadiri siku zinavyokwenda ni bamba. Linakazana. Bamba gumu hufanya kazi kama daraja: uzito wa mtu unatawanyika kabla ya kufika kwenye sukari, kwa hiyo linachokozeka kwa shida zaidi. Ila likichokozeka, mpasuko unasafiri mbali, na poromoko linakuwa pana na zito kuliko lile la siku ya dhoruba. Uwezekano umepungua, ukubwa umeongezeka. Ngazi ya utabiri ni namba moja inayojaribu kubeba yote mawili, kwa hiyo soma maelezo yaliyo chini yake. Na ngazi ya 3 maana yake ni hii: poromoko la kujianzia lenyewe linawezekana, la kuanzishwa na mtu ni jambo la kutarajiwa. Hata ikishuka kuwa 2, la kuanzishwa na mtu bado linawezekana.

Sasa linganisha mashimo yako. Lililotoa ECTP ni lile lenye theluji chache. Hivyo ndivyo tatizo hili linavyokaa. Bamba huchokozwa pale lilipo jembamba: pembeni mwa mawe, karibu na vichaka vinavyochungulia juu ya theluji, kwenye kingo za bakuli, juu ya mbinuko. Unaweza kupita mara kumi juu ya bamba nene usisikie kitu, mara ya kumi na moja mguu ukakanyaga sm 40 pembeni mwa jiwe, na mlima mzima ukaondoka kuanzia hapo.

---

Msumeno

Kuhusu jaribio. Jibu fupi: amini shimo lililotoa ECTP. ECTP moja inatosha kukufanya ubadilishe njia. ECTX kumi hazitoshi kukupa ruhusa. Jaribio hili lina kazi ya kukuonyesha ubaya uliopo, halina uwezo wa kuthibitisha kwamba haupo, kwa sababu nguzo yako ni sehemu ndogo mno ya mteremko unaobadilika kila hatua.

Kabla ya hapo, hakikisha ECTX yenyewe ilikuwa halali. Nguzo iwe na upana wa sm 90 kuvuka mteremko na sm 30 kwenda juu ya mteremko. Watu wanachimba vizuri mbele na pembeni, halafu nyuma wanakata kwa kamba hadi nusu. Nyuma ikiwa bado imeshikamana na mlima, nguzo haiwezi kupasuka hata ikiwa imelalia sukari tupu. Tumia kamba yenye mafundo au msumeno mrefu, kata hadi chini ya tabaka unalolishuku. Bapa la beleshi liwekwe upande mmoja wa nguzo, kisha mapigo 10 kwa mkono kutoka kwenye kifundo, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani. Mkono uache uanguke kwa uzito wake, usisukume. ECTP24 maana yake pigo la 24 ndilo lililoanzisha mpasuko, nao ukavuka nguzo yote kwa pigo hilohilo au linalofuata. Watu wakiona 24 wanasema ni pigo gumu, afadhali. Namba inakuambia ugumu wa kuanzisha. Herufi P inakuambia mpasuko unasafiri, na kusafiri ndiko kunakoua.

Kasoro ya pili: tabaka lako dhaifu katika shimo la pili liko kama sm 95 chini. Kina kikikaribia mita moja, mapigo ya juu hayafiki vizuri, kwa hiyo ECTX ya kina hicho ni ukimya tu, usiuhesabu kuwa jibu. Hapo tumia jaribio la msumeno. Nguzo ya sm 30 kwa upana, urefu wake kwenda juu ya mteremko sm 100, au sawa na kina cha tabaka ikiwa kimezidi mita. Ingiza mgongo wa msumeno, upande usio na meno, ndani ya tabaka dhaifu na usukume kuelekea juu ya mteremko. Mpasuko ukiruka mbele ya msumeno kabla hujafika nusu ya urefu, na ukafika hadi mwisho wa nguzo, tabaka hilo liko tayari kusafirisha. Mpasuko ukisimama njiani au bamba likakatika juu yake, andika pia pale uliposimama.

Na kabla ya shimo lolote kuna ushahidi wa bure: maporomoko mapya kwenye miteremko jirani yenye uelekeo uleule, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha ya ski, na ile sauti ya "wumf" na mshtuko mdogo miguuni, kama sakafu ya mbao iliyokaa chini ghafla. Hiyo sauti ni sukari inaporomoka chini ya bamba. Ukiisikia, jaribio limeshafanyika na matokeo umeshayapata. Kuchimba shimo baada ya hapo ni kupoteza dakika.

---

Kontua

Njia yako, mkuu. Nina wasiwasi nayo kwa mambo mawili.

La kwanza, ramani. Rangi za mwinamo hutengenezwa kutokana na vipimo vya urefu vya kila mita 10 au zaidi, zikalainishwa. Kingo ya mita sita yenye nyuzi 36 inaweza kumezwa kabisa ndani ya eneo linaloonyesha nyuzi 28, na kingo ya mita sita inatosha kumfukia mtu ikiwa chini yake kuna korongo. Kwenye ramani ya karatasi ya 1:24,000 yenye kontua za futi 40, mteremko wa nyuzi 30 unaweka mistari karibu milimita 0.9 kutoka mmoja hadi mwingine. Mistari ikibanana kuliko hapo, umeshavuka. Huko mlimani pima kwa klinomita, kifaa cha kupimia mwinamo. Huna? Fimbo mbili za sm 120: moja isimamishe wima kwenye theluji, ya pili ilaze mlalo kutoka kwenye ile ya wima kuelekea mlimani mpaka ncha yake iguse theluji. Zikikutana kwenye urefu wa sm 60 kutoka chini, mteremko ni karibu nyuzi 27. Sm 70 ni nyuzi 30. Sm 84 ni nyuzi 35. Weka alama za utepe kwenye fimbo nyumbani, usihesabu ukiwa na baridi.

Mabamba mengi hukatika kati ya nyuzi 30 na 45, na zile za 36 hadi 39 ndizo mbaya kuliko zote. Chini ya 30 ni nadra kuanzia hapo.

La pili ndilo kubwa. Nyuzi 28 ulizosimama wewe hazina maana ikiwa juu yako pana nyuzi 38 zilizoshikamana nawe. Sukari ikiporomoka chini ya miguu yako, mpasuko unaweza kupanda mlimani mita makumi au hata mamia, ukakata bamba juu, na bamba likakushukia. Hujagusa mteremko mkali hata kwa fimbo. Tarehe 20 Aprili 2013 huko Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, watu sita waliokuwa na vifaa vyote walikuwa wanavuka chini ya mteremko walioujua kuwa na shida, wanaelekea mahali salama zaidi. Bamba la kina lililolalia sukari ya mwanzo wa majira likakatika juu yao. Watano walikufa. Kupeana nafasi hakukusaidia, kwa sababu nafasi yote waliyopeana ilikuwa ndani ya poromoko moja.

Kwa hiyo usipime ulipo tu. Simama pale unapotaka kupita, elekeza klinomita kwenye sehemu ya juu kabisa ambako bamba linaweza kukatika, usome pembe. Ikiwa nyuzi 25 au zaidi, uko katikati ya njia yake. Chini ya 18 hivi ndipo unapoanza kupumua. Tazama na miti: ikiwa matawi ya upande wa mlimani yamekatika na ya upande wa bondeni yapo, au kuna ukanda wa miti michanga ya umri mmoja katikati ya msitu wa miti mikubwa, poromoko hupita hapo, na limepita si zamani.

---

Demani

Naongeza upepo, maana mwenye swali ameutaja kwa sentensi moja na kupita.

Waliokulia pwani wanaujua upande wa goshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda. Mlimani ni hivyohivyo. Upepo wa magharibi unakwangua theluji goshini na kuimwaga demani, yaani mashariki na kaskazini mashariki ya mgongo wa mlima, ile ile miteremko iliyotajwa kwenye utabiri wako. Upepo unaweza kulundika theluji demani mara kadhaa zaidi ya inavyoanguka kutoka mawinguni, na unafanya hivyo chini ya anga jeupe, bila tone la theluji mpya. "Siku sita bila theluji" ni kweli kwenye kipimo cha kijijini. Demani mwa bakuli lako siku mbili za kwanza zilikuwa dhoruba.

Dalili: uso wa theluji laini kama chokaa iliyopigwa mwiko, mlio wa ngoma ukigonga kwa fimbo, na upenu wa theluji unaoning'inia ukingoni juu. Upenu unaonyesha upande wa demani kama mshale. Usiukaribie kwa juu. Hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani, na ukianguka ni mzigo wa tani nyingi juu ya bamba.

Nao wanaokuja Colorado wakiwa wameshafika Uhuru Peak, hongereni, mapafu yenu yanajua mita 4,000. Lakini kwenye njia za kawaida za Kibo shida ni urefu, baridi na, upande wa Western Breach, mawe yanayoanguka. Kusoma bamba na sukari hakufundishwi kule kwa sababu hakuhitajiki. Ni elimu mpya kabisa, ianzeni darasa la kwanza.

---

Nyuzi28

Asanteni sana wakuu. Nyuma ya nguzo ya shimo la pili ilikatwa hadi sm 70 tu. Kwa hiyo ile ECTX naifuta.

Mawili yamebaki. Wenzetu wa viatu vya theluji wanasema wao ni wepesi kwenye theluji na wanapita ndani ya miti, kwa hiyo bikoni (kifaa cha kutuma na kutafuta ishara ya aliyefukiwa) si lazima. Na kama jambo likitokea, kwa watu wanne, mpangilio wa uokoaji uweje? Bikoni tulizonazo ni za antena tatu.

---

Beleshi

La viatu vya theluji lisiachwe hivihivi. Mwezi Januari 2022 karibu na Hoosier Pass watu wawili waliokuwa wanatembea kwa viatu vya theluji walikufa pamoja na mbwa wao. Kiatu cha theluji huzama zaidi ya ski, kwa hiyo mzigo unafika karibu zaidi na tabaka dhaifu. Na miti inayokuachia nafasi ya kupita vizuri inaliachia poromoko nafasi pia. Tofauti ni kwamba ndani ya miti unagongeshwa kwenye mashina. Takriban robo ya vifo vya maporomoko hutokana na kuumia, wala si kukosa hewa.

Bikoni, mchokoo (fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa) na beleshi ni kwa kila mtu, vyote vitatu. Mwenye bikoni bila beleshi anaweza kupatikana lakini hawezi kumfukua mwenzake. Mchokoo usipungue sm 240, beleshi liwe la alumini, si la plastiki. Kifusi cha poromoko hukaza kama saruji mara tu kinaposimama na plastiki inakikwaruza tu.

Kabla ya kuondoka garini: betri za alkali mpya (za kuchaji hapana, isipokuwa mtengenezaji wa bikoni yako amezitaja, kwa sababu kipimo cha chaji kinadanganya kwenye baridi). Mmoja asimame mbele na bikoni kwenye kutafuta, wengine wapite mmoja mmoja zikiwa kwenye kutuma. Kisha geuzeni. Simu iwe umbali wa sm 20 kutoka kwenye bikoni wakati wa kutuma na sm 50 wakati wa kutafuta. Watu wengi wanaharibu hapa: simu mfuko wa kifuani, glavu za umeme, saa janja, redio. Vyote hivi vinaleta kelele kwenye masafa ya 457 kHz, na unapotafuta namba zinarukaruka au mshale unakupeleka kwenye simu yako mwenyewe.

Sasa uokoaji. Kati ya watu kumi waliofukiwa kabisa na kutolewa ndani ya dakika 10, tisa huwa hai. Ikifika dakika 30 wamebaki kama watatu. Kwa hiyo waokoaji ni nyinyi watatu mliobaki juu. Helikopta ni ya kubeba majeruhi.

Mshikieni macho aliyenaswa anapobebwa, wekeni alama pale alipoonekana mwisho. Mmoja aamue kama ni salama kuingia na aongoze kwa sauti. Wote wazime kutuma na kuwasha kutafuta, na mwongozaji ahakikishe kwa macho yake, bikoni kwa bikoni. Bikoni moja iliyosahaulika kwenye kutuma inakula dakika tatu za mtu. Kama simu ina mtandao au kuna kifaa cha satelaiti, mmoja apige 911 papo hapo. Hakuna anayeteremka kwenda kutafuta msaada.

Shukeni kutoka alipoonekana mwisho, mkipishana mita 40 au upana ulioandikwa kwenye bikoni zenu. Tazameni na vitu juu ya kifusi: glavu, fimbo, na muivute kila ski kuona kama ina mtu. Mkipata ishara, mmoja aifuate mishale, wengine waanze kuunga michokoo na mabeleshi. Namba ikisoma 10, punguza mwendo. Ikisoma 3, piga magoti, bikoni iguse theluji, usiizungushe tena hata kidogo. Isogeze mbele moja kwa moja mpaka namba ipande, rudi kwenye ndogo, kisha kulia na kushoto vivyo hivyo. Hapa watu wanakimbia na kupita. Hapa ndipo pa kwenda polepole.

Choma mchokoo kwa pembe mraba na uso wa mteremko, si wima na mbingu. Kama hukugusa, zunguka kwa duara linalopanuka, sm 25 kati ya tundu na tundu. Mwili hurudisha mchokoo kwa ulaini, jiwe na ardhi hugonga. Ukigusa, mchokoo uache palepale.

Kuchimba ndiko kunakokula muda mwingi kuliko yote, na ndiko kusikofanyiwa mazoezi. Soma kina kwenye mchokoo. Kikiwa zaidi ya mita moja, anzia upande wa bondeni, umbali wa mara moja na nusu ya kina hicho. Chimba kuingia ndani kuelekea kwake, usichimbe shimo la kwenda chini juu ya kichwa chake; utakanyaga nafasi yake ya hewa na theluji utakayotoa itarudi. Mchemraba wa mita moja wa kifusi unaweza kuwa na kilo 400, kwa hiyo mmoja akate vipande mbele, wa pili na wa tatu nyuma yake wasukume theluji bondeni kama wanaopiga kasia, bila kuinyanyua. Badilishaneni kila dakika moja au mbili kabla hamjachoka. Mkimfikia, kichwa kwanza: toeni theluji kinywani na puani, fungueni kifua. Kama hapumui, mpeni pumzi kabla ya kumaliza kuufukua mwili, kisha endeleeni kufukua mkimpulizia. Aliyekosa hewa anahitaji hewa. Kukandamiza kifua peke yake hakutoshi.

Fanyeni zoezi hili na begi lililofukiwa mita moja kabla ya kwenda. Lenga dakika tano hadi begi liguswe na mchokoo. Mara ya kwanza wengi hawafiki.

---

Nyuzi28

Mpango umebadilishwa. Bakuli limefutwa. Tunapanda mgongo wa magharibi, upande wa goshini, ambako theluji imekwanguliwa na mawe yanaonekana, kisha tunarudi kwa njia ileile kupitia mteremko wa nyuzi 22 ndani ya miti unaotazama kusini magharibi. Pembe kutoka chini ya njia hadi sehemu ya juu kabisa inayoweza kukatika ni nyuzi 16 kwenye ramani, itapimwa upya pale pale. Wote wanne watakuwa na vifaa vitatu. Kurudi ni saa sita mchana, maana upande wa kusini magharibi jua linalainisha uso mchana.

---

Kontua

Huo nauafiki. Marekebisho mawili. Kwa −6°C mchana, jua la Januari halitakulowesha sana, kwa hiyo saa ya kurudi isiwalazimishe kukimbia. Iongozwe na uso wa theluji: ukianza kuzama hadi kifundoni kwenye theluji nyevu, au mipira ya theluji ikianza kubingirika yenyewe kutoka chini ya miti na mawe, shukeni hapohapo.

La pili, kwenye mgongo wenyewe baki upande wa mawe. Pale mgongo unapopanuka karibu na kilele utavutwa na macho kusogea mashariki ili uone bakuli. Upenu uko huko. Na vipimo vya shimo la kwanza, pamoja na kina, uelekeo, urefu na ile ECTP24, vipeleke CAIC kwenye fomu yao ya taarifa za walioko mlimani. Shimo la pili lipeleke pia, ukiandika kwamba nguzo haikukatwa nyuma hadi chini.